Kutangulia si Kufika: Mwezi wa Kuzaliwa na Vijana Wanaoacha Michezo

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Methali hii twaifundisha kila mwaka. Twawataka wanafunzi waieleze maana, waitungie kisa, kisha twaendelea na nyingine. Ni mara chache tunapojiuliza kama sisi wenyewe twaiamini. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia fupi ya jambo lililogunduliwa na wataalamu katika miaka ya 1980, jambo ambalo laithibitisha methali hiyo kwa hesabu na tarehe. Lamhusu kila mwalimu aliyewahi kuwapanga watoto mstari na kusema: wewe njoo, wewe baki.

Rika na mwaka

Lugha yetu ina maneno mawili ya kale ya kuwataja watu wa umri mmoja: rika na hirimu. Maneno haya hayakuhesabu miezi. Watu wa rika moja walikuwa watu waliokua pamoja, wakacheza pamoja, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wakapita jandoni pamoja. Baina ya mkubwa wao na mdogo wao huenda ilikuwapo miaka kadhaa, na kila mmoja alijua nani mkubwa na nani mdogo. Aliyekuwa mdogo hakutazamiwa kubeba mzigo wa mkubwa.

Shule za kisasa na vyama vya michezo vilileta kipimo kingine. Huchagua siku moja ya mwaka, mathalani tarehe 1 Januari, na kuwatia katika kundi moja watoto wote waliozaliwa tangu siku hiyo hadi mwaka utimie. Nia ya kipimo hiki ni njema, kwani si haki mtoto wa miaka tisa ashindanishwe na wa miaka kumi na mitatu. Lakini kipimo hicho hicho huficha jambo. Mtoto aliyezaliwa tarehe 2 Januari na yule aliyezaliwa tarehe 30 Desemba huitwa wa umri mmoja, ilhali wa kwanza amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi kumi na miwili.

Kwa mtu mzima miezi hiyo si kitu. Kwa mtoto ni mingi sana. Mtoto atimizaye miaka 6 ameishi miezi 72, kwa hiyo mwaka mmoja ni sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Atimizapo miaka 10, mwaka huo bado ni sehemu moja ya kumi. Katika umri huo watoto huongezeka kimo kiasi cha sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na pamoja na kimo huongezeka nguvu, mbio, na uwezo wa kusikiliza na kushika mafunzo. Wataalamu wameipa jina tofauti hii iliyofichika ndani ya kundi moja. Sisi kwa Kiswahili twaweza kuiita umri linganishi, yaani umri wa mtoto ukilinganishwa na umri wa wenzake wa kundi lake, wala si ukihesabiwa peke yake.

Ugunduzi wa Kanada

Huko Kanada, mchezo upendwao kuliko yote ni hoki ya barafuni. Watoto huanza wakiwa wadogo mno, na tarehe ya kuhesabia umri wao ni 1 Januari. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda na mkewe Paula kutazama mchezo wa timu ya vijana ya Lethbridge Broncos, katika jimbo la Alberta. Paula alikuwa akisoma kijitabu cha mchezo, chenye majina ya wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa. Akaona jambo lililomshangaza, akamwonyesha mumewe: wachezaji wengi mno walikuwa wamezaliwa Januari, Februari na Machi.

Barnsley hakuyapuuza maneno ya mkewe. Alirudi nyumbani akakusanya orodha za timu nyingine, kisha za wachezaji wa Ligi ya Taifa ya Hoki, na kila alipotazama akakuta sura ile ile. Mwaka 1985 yeye, Paula na mwenzao A. H. Thompson walitangaza matokeo yao. Kwa kukadiria, katika kundi la wachezaji bora wa Kanada, asilimia 40 walizaliwa katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, asilimia 30 katika mitatu iliyofuata, asilimia 20 katika robo ya tatu, na asilimia 10 tu katika robo ya mwisho. Mwaka mmoja kabla yao, yaani 1984, Simon Grondin na wenzake wa jimbo la Quebec walikuwa wameandika juu ya jambo hilo hilo katika hoki na mpira wa wavu. Watu wawili wasipokuwa pamoja wakaona moshi mmoja, yafaa kuamini kwamba pana moto.

Msomaji aweza kuuliza: je, si huenda ikawa watoto wa Januari huzaliwa na nyota ya jaha, au majira ya baridi huwapa mwili wenye nguvu? Swali hili ni la haki, na jibu lake lilipatikana kwa kulinganisha nchi. Mwaka 1999 Jochen Musch na Roy Hay walitazama wachezaji wa soka wa kulipwa wa Ujerumani, Brazili, Japani na Australia. Nchi hizo hazina majira mamoja wala desturi moja, na wakati huo hazikuwa zote na tarehe moja ya kuhesabia umri. Hata hivyo kila mahali waliokuwa wengi ni wale waliozaliwa mara baada ya tarehe ya kuhesabia, iwe ni mwezi gani. Basi si nyota, wala si baridi. Ni kalamu ya mwenye kuandika kanuni.

Ushahidi wa Ubelgiji

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Ubelgiji, tena pasipo mtu kuupanga. Katika soka ya vijana ya nchi hiyo, mwaka wa mashindano ulikuwa ukihesabiwa tangu tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo mtoto wa Agosti alikuwa mkubwa wa kundi lake, na mtoto wa Julai alikuwa kitinda mimba. Mwaka 1997 chama cha soka cha Ubelgiji kilifuata mwongozo wa shirikisho la dunia na kuihamisha tarehe hiyo hadi 1 Januari.

Werner Helsen na wenzake walilinganisha msimu wa 1996 hadi 1997 na msimu uliofuata. Waliona kwamba kabla ya mabadiliko watoto waliozaliwa Agosti hadi Oktoba ndio waliopendelewa katika uteuzi. Baada ya mabadiliko, upendeleo ulihamia kwa waliozaliwa Januari hadi Machi, na wale wa Agosti wakapoteza nafasi yao.

Yatupasa kuitazama habari hii kwa makini. Mtoto wa Agosti hakubadilika. Miguu yake ilikuwa ile ile, bidii yake ile ile, na mama yake hakumzaa upya. Kilichobadilika ni karatasi. Jana aliitwa mwenye kipaji. Leo anaonekana wa kawaida. Ikiwa kipaji chaweza kuhama kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kwa amri ya kikao, basi sehemu kubwa ya kile tulichokiita kipaji kilikuwa ni umri tu.

Kwa nini huacha

Hadi hapa tumezungumza juu ya wanaochaguliwa. Lakini kila orodha ya waliochaguliwa ina orodha nyingine isiyobandikwa ukutani. Mwaka 1998 Helsen na wenzake, wakichunguza wachezaji wa Ubelgiji, walionyesha kwamba waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wa uteuzi walikuwa wakianza kuacha soka mapema, tangu umri wa miaka 12. Nchini Ufaransa, Nicolas Delorme na wenzake walitangaza mwaka 2010 kwamba miongoni mwa wavulana walioacha soka, waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa. Zaidi ya hayo, kulikuwa na watoto waliojitoa kabla hata ya kuandikishwa. Walijitazama, wakawatazama wenzao, wakajihukumu wenyewe.

Njia inayomfikisha mtoto huko yaeleweka kwa urahisi. Mkubwa wa miezi kumi huonekana hodari. Kwa kuwa anaonekana hodari, huwekwa katika timu ya kwanza. Huko hupata mwalimu bora, mazoezi mengi, na wapinzani wa kumnoa. Baada ya miaka mitatu tofauti iliyokuwa ya umri imegeuka kuwa tofauti ya ujuzi, na mwenye kuteua hujisifu kwamba jicho lake halikukosea. Mdogo wake huketi pembeni. Hucheza dakika chache, na katika dakika hizo huogopa kukosea. Wazazi wake hukoma kwenda kumtazama. Mtoto hajui kwamba ameshindwa na kalenda. Adhani ameshindwa na nafsi yake. Mtu mzima aweza kudumu katika jambo ambalo halimpi sifa. Mtoto hadumu. Hufika siku akasema kwamba mchezo haupendi tena, nasi twaandika katika taarifa zetu kwamba hakuwa na moyo.

Hapa hatuna budi kuungama. Katika shule moja ya msingi ya Bujumbura tulikofundisha zamani, sisi ndio tuliokabidhiwa timu ya soka ya watoto. Kila mwanzo wa mwaka tuliwapanga watoto uwanjani, tukatazama kimo, tukawakimbiza mara mbili, tukachagua. Palikuwa na mvulana mmoja mwembamba mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, ambaye mpira ulimtii kama mbuzi wa nyumbani. Tulimwambia asubiri mwaka ujao. Mwaka ujao tukamwambia vivyo hivyo. Mwaka wa tatu hakuja uwanjani, na tulipomuuliza alisema kwa adabu: "Mwalimu, mimi mpira siujui." Tulimwamini.

Miaka mingi baadaye tulisoma habari za Lethbridge. Tulikuwa bado na daftari la darasa lile. Tulilifungua, tukaweka alama mbele ya majina ya wale tuliokuwa tumewateua. Januari zilikuwapo, na Februari, na Machi. Desemba haikuwapo hata moja. Yule mvulana alizaliwa katika juma la mwisho la Desemba. Daftari lilikuwa mezani petu kila asubuhi, tukiita majina kutoka humo, na hatukuwahi kulisoma.

Waliosalia

Je, wale wachache wa mwisho wa mwaka ambao hawakuacha walikuwaje? Hapa ndipo methali yetu inaposimama. Robert Deaner na wenzake walichunguza wachezaji wa Kanada walioteuliwa na timu za Ligi ya Taifa ya Hoki tangu 1980 hadi 2007, wakatangaza matokeo yao mwaka 2013. Waliozaliwa katika robo ya kwanza ya mwaka walikuwa asilimia 36 ya walioteuliwa, na wa robo ya mwisho walikuwa chini ya asilimia 15. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka, waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka walifanikiwa kupita nafasi waliyokuwa wamepewa siku ya kuteuliwa. Wenye timu, ambao ni watu wa fedha na hesabu, walikuwa wakiwapunja mwaka baada ya mwaka.

Tusiharakishe kusema kwamba kuzaliwa Desemba ni baraka. Hao ni wachache waliovuka. Yamkini walivuka kwa sababu walilazimika kujifunza akili ya mchezo mahali ambapo wenzao walitegemea mabavu. Yamkini pia kwa sababu wanyonge wote wa miezi yao walikuwa wamekwisha ondoka. Kwa kila mmoja aliyefika, hatujui ni wangapi wenye uwezo kama wake waliogeuka njiani. Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Haiandikwi popote, kwa sababu asiyekuwapo na lake halipo.

Yafaa pia kuweka mipaka. Umri linganishi si sababu ya kila kitu. Watoto wawili waliozaliwa siku moja huweza kubalehe kwa kupishana miaka, na hilo ni jambo jingine lenye nguvu zake. Kwa wasichana athari ya mwezi wa kuzaliwa huonekana kuwa ndogo zaidi kuliko kwa wavulana. Katika michezo isiyotegemea kimo na uzito huweza kuwa dhaifu. Mwalimu asije akabeba kalenda mahali pa fimbo, akaeleza kwayo kila kushinda na kila kushindwa.

Mambo ya kwetu

Katika nchi zetu jambo hili lina sura ya pekee. Watu wazima wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, na vyeti vyao husema 1 Januari kwa kuwa karani alijua mwaka tu. Kwao orodha ya miezi haina maana. Kadhalika, soka ya vijana imesumbuliwa na wanaopunguza miaka yao ili wacheze na wadogo. Kwa sababu hiyo shirikisho la dunia lilianza mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana walio chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, kutumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono ili kuwakamata wenye umri mkubwa. Udanganyifu huo twaulaani, na ni haki. Lakini hebu tuutafakari. Anayedanganya amekwisha tambua kile ambacho walimu tumekuwa tukikikana, kwamba kuwazidi wenzako umri ni mali. Tofauti ni kwamba mmoja huipata mali hiyo kwa kughushi cheti, na mwingine hupewa kihalali, siku ya 2 Januari, pasipo kuiomba.

Kwa upande mwingine, bado tunayo mafunzo ya rika. Katika mitaa kama Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya barazani na ya uwanjani, watoto hucheza mpira wakubwa kwa wadogo pamoja. Mdogo hupewa nafasi inayomfaa, wakubwa humwonya asiumie, na yeye naye akikua huwatunza wadogo zake. Hakuna anayeulizwa cheti, na hakuna anayeambiwa arudi mwakani. Mwanzo wa wachezaji wengi ni huko, si kwenye mstari wa mwalimu.

Dawa zilizojaribiwa

Wataalamu hawakuishia kulalamika. Wako waliopendekeza makundi ya miezi tisa badala ya kumi na miwili, ili mtoto asiwe mdogo wa kundi kila mwaka. Nchini Uingereza, tangu miaka ya 2010, vituo vya soka vya vijana vimejaribu mashindano ambayo watoto hupangwa kwa kadiri ya kukua kwa miili yao. Norway iliweka kanuni kwamba katika michezo ya watoto majedwali ya matokeo na orodha za washindi zisitolewe kabla ya mwaka mtoto anapotimiza miaka 11.

Dawa tunayoipenda zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 2017 na David Mann na Pleun van Ginneken kutoka Uholanzi, kwa kuwa haihitaji fedha. Waliwapa wenye kuteua wachezaji kazi ya kuwatazama vijana wakicheza na kuwapanga kwa uwezo. Kuwaambia tu tarehe za kuzaliwa hakukusaidia. Upendeleo kwa wakubwa ulibaki. Lakini namba za fulana zilipofuata umri, namba ya kwanza ikiwa ya mkubwa na ya mwisho ikiwa ya mdogo, na watazamaji wakajua maana yake, upendeleo huo uliondoka. Walihitaji kuuona umri uwanjani, mbele ya macho, wakati ule ule wa kuamua.

Walimu wenzetu, hili twaliweza. Daftari la majina, ambalo kwa desturi hupangwa kwa alfabeti, laweza kupangwa mara moja kwa tarehe za kuzaliwa. Tulifanye hivyo kabla ya kuteua timu. Tulifanye pia kabla ya kuchagua watakaoghani shairi, watakaoigiza ngonjera, na watakaowakilisha shule katika mashindano ya insha. Maana jambo hili halikomei uwanjani. Mwaka 2006 Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey walionyesha, kwa kutumia mitihani ya nchi nyingi zilizoendelea, kwamba wakubwa wa darasa huwapita wadogo wa darasa katika hesabu na sayansi katika shule ya msingi, na kwamba tofauti hiyo hupungua baadaye lakini haiishi. Mtoto asemaye Kiswahili kwa kusitasita mbele ya darasa huenda asiwe mzito wa ulimi. Huenda akawa mdogo wa miezi kumi.

Hitimisho

Kiswahili humwita mfunzi wa timu mwalimu, kwa jina lile lile tunaloitwa sisi. Jina hilo ni amana. Mteuzi hutazama mtoto alivyo leo. Mwalimu hutazama atakavyokuwa. Barnsley na wenzake wametuonyesha kwamba tukimtazama mtoto leo peke yake, twaisoma kalenda tukidhani twasoma kipaji. Wabelgiji, kwa kuhamisha tarehe moja, wametuonyesha jinsi usomaji huo ulivyo wa bahati nasibu. Na wale walioacha wakiwa na miaka 12 wametuonyesha gharama yake, ingawa wengi wao wenyewe hawaijui.

Yule mvulana wa mguu wa kushoto sasa ni mtu mzima, mwenye watoto. Tulimkuta siku moja sokoni, akatuamkia kwa heshima kama mwanafunzi wa zamani. Tulitaka kumwambia habari za daftari, maneno yakatukwama. Tulimuuliza tu kama wanawe hucheza mpira. Akajibu kwamba mdogo wao anaupenda, ila ni mfupi. Tukamuuliza alizaliwa mwezi gani. Alitutazama kwa mshangao, akasema, "Novemba, Mwalimu." Tukamwambia: basi mwache acheze.